Kupanga Safari Fupi ya Magofu ya Milimani: Mfano wa Choquequirao

Katika safu ya milima ya Vilcabamba nchini Peru, juu ya korongo la mto Apurímac, kuna mji wa kale wa Wainka, watu waliotawala milima ya Andes kabla ya Wahispania, uitwao Choquequirao, ambao umesimama kwenye bega la mlima katika mwinuko wa takriban mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Hakuna gari wala treni inayofika huko. Kwa njia inayotumiwa na wageni wengi, msafiri huteremka kwa miguu hadi mtoni, huvuka daraja, hupanda ukuta wa pili wa korongo, na akishayatazama magofu hurudi kwa njia ileile, mwendo wa takriban kilomita 60 kwa jumla. Wanaotuomba ushauri kuhusu safari hii kwa kawaida wana likizo ya wiki moja, na wengi wao hutaka kuziweka Cusco, mji wenye uwanja wa ndege wa eneo hilo, Machu Picchu, magofu maarufu zaidi ya Wainka, na Choquequirao katika wiki hiyohiyo. Tunawaomba wachague sehemu moja, kwa sababu muda unapokuwa mfupi kinachobanwa kwanza ni siku za mwili kuzoea mwinuko na siku ya akiba, na hizo ndizo siku zinazomrudisha msafiri nyumbani akiwa mzima.

Mpango mzuri huanza kuandikwa kutoka siku ya mwisho kurudi nyuma. Andika kwanza siku ya ndege ya kurudi, kisha iache wazi siku inayoitangulia, ili njia ikiporomoka au mguu ukiteguka isiwe lazima mtu kutembea usiku kuwahi uwanja wa ndege. Baada ya hapo hesabu siku za kutembea, ambazo kwa Choquequirao hazipungui nne na kwa watu wengi ni vyema ziwe tano, ongeza siku ya kusafiri kwa barabara, na mwishowe siku mbili za kuzoea hewa. Hesabu hiyo hufikia siku tisa au kumi. Mwenye siku chache kuliko hizo hana budi kuiacha Choquequirao kwa mwaka mwingine na kwenda Machu Picchu kwa treni, au kuyatembelea magofu ya Ollantaytambo na Písac yaliyo kando ya barabara, ambayo kwa ustadi wa ujenzi yanastahili heshima kamili na yasichukuliwe kuwa fungu la walioshindwa kwingine.

Siku mbili za kuzoea hewa ndizo ambazo watu hutamani kuzikata, kwa hiyo sababu yake inahitaji maelezo ya kutosha. Abiria hupanda ndege Lima, karibu na usawa wa bahari, na baada ya saa moja na ushee hushuka Cusco, katika mwinuko wa takriban mita 3,400. Hapo mgandamizo wa hewa ni kama theluthi mbili ya ule wa pwani, na kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Mwili hujibu kwa kupumua haraka zaidi na kwa kubadilisha uwiano wa kemikali katika damu kupitia figo, kazi ambayo huchukua siku kadhaa na haiwezi kuharakishwa kwa nguvu za misuli. Ndiyo maana kijana mwanariadha anaweza kuugua huku mzazi wake wa miaka sitini akiwa salama: uimara wa mwili hauzuii ugonjwa wa mwinuko, na wenye nguvu hujiumiza zaidi kwa sababu hukimbilia kupanda.

Ugonjwa huu huweza kumpata mtu aliyepanda kupita mita 2,500, na dalili zake huanza mara nyingi kati ya saa sita na kumi na mbili baada ya kufika: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu na usingizi wa kukatikakatika. Anayezipata apumzike mahali alipo, anywe maji ya kutosha, aache pombe na dawa za usingizi, na asipande zaidi hadi zimwishe. Hatari kubwa ipo katika hali mbili ambazo msafiri yeyote anapaswa kuzitambua hata akiwa amechoka. Ya kwanza ni maji kujaa kwenye mapafu, ambapo mtu huhema hata akiwa ameketi na hukohoa mfululizo. Ya pili ni uvimbe wa ubongo, ambapo mtu hupepesuka, hawezi kutembea kwa mstari mnyoofu na huanza kuongea mambo yasiyoeleweka. Katika hali hizo mgonjwa ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku na hata kama yeye mwenyewe anakataa, kwa sababu kuchelewa kwa saa chache huweza kuua.

Njia rahisi ya kujikinga ni kutolala Cusco usiku wa kwanza. Kutoka uwanja wa ndege, nenda moja kwa moja Ollantaytambo, katika Bonde Takatifu, ambako mwinuko ni takriban mita 2,800, ulale huko usiku mbili na utembee polepole. Daktari anaweza pia kukuandikia asetazolamaidi, dawa ambayo huanzwa siku moja kabla ya kupanda na husaidia mwili kuzoea. Mweleze mapema kama una mzio wa dawa za salfa. Wenye magonjwa ya moyo au mapafu na wajawazito wasipange safari kabla ya kupata ushauri wa daktari. Hapa naongeza jambo ambalo miongozo mingi ya utalii hulipitia haraka: mwenye selimundu anaweza kupata madhara makubwa kwenye hewa yenye oksijeni pungufu, na hata aliyerithi chembe ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye maisha yake yote hajawahi kuugua, anaweza kuumia bandama akiwa mlimani. Ambaye hajui hali yake na ana ndugu mwenye selimundu apime kabla ya kununua tiketi.

Baada ya mwinuko, jambo la pili ni umbo la njia yenyewe. Milima mingi humpandisha mtu akiwa na nguvu na kumteremsha akiwa amechoka, lakini korongo hufanya kinyume chake. Njia huanzia Capuliyoc, mbele ya kijiji cha Cachora, katika mwinuko wa takriban mita 2,900, hushuka hadi Playa Rosalina kando ya mto, karibu mita 1,500, kisha hupanda tena hadi Marampata, kitongoji chenye mwinuko karibu sawa na ule wa mwanzo. Maana yake ni kwamba siku ya mwisho, msafiri akiwa na malengelenge na chakula pungufu, hupanda mita 1,400 kutoka mtoni. Zaidi ya hayo, kuteremka ndiko kunakochana nyuzi za misuli ya mapaja, na maumivu yake hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, wakati ambapo kazi ya kupanda bado ipo. Ni vizuri basi mazoezi ya wiki sita au nane kabla ya safari yajumuishe kushuka ngazi au mteremko ukiwa na begi mgongoni, kwa sababu kukimbia kwenye ardhi tambarare hakuandai misuli hiyo.

Kwa kukadiria muda, wapanda milima hutumia kanuni ya mwaka 1892 ya Mskoti William Naismith: saa moja kwa kila kilomita tano, pamoja na saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Mpando kutoka mtoni hadi Marampata peke yake unadai saa mbili na dakika ishirini kabla ya kuhesabu urefu wa njia, na kanuni hiyo iliwekwa kwa watu wenye nguvu katika milima ya baridi isiyo na tatizo la hewa. Chini ya korongo jua la mchana ni kali na kivuli ni haba, kwa hiyo ongeza angalau nusu ya muda unaoupata. Mwezi Juni jua huzama huko kama saa kumi na moja na nusu jioni, na ndani ya korongo giza huingia mapema zaidi. Anayelala karibu na mto akaanza kupanda saa kumi na moja alfajiri, akiwa na taa ya kichwani, hufika juu kabla ya joto kuwa kali. Anayesubiri chai ya asubuhi hulipa gharama yake mchana kutwa. Wapagazi na waongoza nyumbu wa mizigo wanaoishi kwenye njia hii wanalijua hilo, na wakikuamsha mapema wasikilize.

Msimu wa kiangazi katika eneo hilo ni kuanzia Mei hadi Septemba. Kati ya Desemba na Machi mvua huporomosha udongo na kufunga njia, na Njia ya Inka inayoelekea Machu Picchu hufungwa Februari yote kwa matengenezo. Januari 2010 mafuriko yalikata reli ya Machu Picchu, na maelfu ya watu wakaondolewa kwa helikopta; ikiwa hilo liliwezekana kutokea mahali penye kituo cha treni, mwenye kwenda kwenye korongo lisilo na barabara afikiri mara mbili kuhusu likizo ya Januari.

Vibali si jambo la kuchosha ukivishughulikia mapema. Machu Picchu huuza tiketi zenye saa maalumu na mzunguko maalumu, na jina kwenye tiketi lazima lifanane na lile la pasipoti. Njia ya Inka hupokea watu 500 tu kwa siku, wakiwemo waongozaji na wapagazi, na lazima uende na mwongozaji mwenye leseni. Choquequirao haina msongamano huo, lakini kiingilio kipo. Vitongoji vya njiani huuza vyakula na nafasi ya kupiga hema, kwa hiyo chukua fedha taslimu za soli katika noti ndogondogo. Maji ya vijito yachemshwe: kwenye mwinuko wa mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzijoto 90 hivi, kwa hiyo yaache yachemke kwa dakika tatu badala ya moja.

Siku ya magofu yenyewe iwe siku kamili, na kwangu hili halina mjadala. Wapo wanaofika Choquequirao saa nane mchana, wakapiga picha uwanjani na kugeuza usiku uleule, na hawaoni matuta yaliyo upande wa pili wa mlima ambamo mafundi walipanga mawe meupe kuchora lama, wanyama wa mizigo wa Andes, ukutani. Kuteremka hadi kwenye matuta hayo na kupanda tena huchukua saa kadhaa. Sehemu kubwa ya mji bado imefunikwa na msitu, na kilicho wazi kinahitaji macho yasiyo na haraka. Mvumbuzi Mmarekani Hiram Bingham alifika hapo mwaka 1909, miaka miwili kabla ya kufika Machu Picchu, na wapo waliomtangulia.

Uangalifu wa hatua zako una sababu ya kihandisi. Matuta ya Wainka yalijengwa kwa tabaka za mawe, kokoto na udongo ili maji ya mvua yapenye na kutoka bila kusukuma ukuta. Mguu unaokanyaga ukingo wa tuta hugandamiza udongo na kulegeza jiwe la juu. Maji hukosa njia, hukusanyika nyuma ya ukuta, na siku moja ukuta hutoka tumbo na kuanguka. Mnamo Aprili 2022 mvua kubwa iliangusha sehemu ya ukuta wa nje wa Kuélap, ngome ya Wachachapoya, watu wengine wa kale, iliyo kaskazini mwa Peru, na eneo likafungwa kwa wageni. Wahifadhi wanaweza kupambana na mvua; hawawezi kupambana pia na maelfu ya viatu. Tembea kwenye njia iliyowekwa, usikalie kuta, usiokote hata kigae kimoja cha chungu, na taka zako zote zirudi nawe hadi Cachora. Malikale za Peru zinalindwa na Sheria namba 28296 ya mwaka 2004, na wageni wamewahi kukamatwa na kufukuzwa nchini kwa kuharibu kuta za Machu Picchu.

Kabla ya kuingia kwenye korongo, hakikisha bima yako ya safari inagharimia uokoaji katika mwinuko wa zaidi ya mita 3,000, kwa kuwa bima nyingi za kawaida huweka kikomo chini ya hapo, na usitegemee simu kupata mtandao njiani. Mwenye nyumba ya wageni unakolala Cachora umwachie karatasi yenye majina ya wote walio kwenye msafara, mahali mnapokusudia kulala kila usiku, namba ya bima, na siku na saa ambayo, mkiwa hamjarudi, yeye aanze kuwatafutia msaada.