Poti ni nini, na kwa nini watu wa kompyuta wanainunia?

Wiki jana dogo mmoja wa hapa Ngarenaro, Arusha, alinijia na laptopu kwapani. Alikuwa amekesha na bando la usiku akipakua Skyrim, na sasa uso umemvimba. "Kaka, hii gemu ina kirusi. Nabofya jibu la chini, inachagua la juu!"

Kirusi hakuna. Nilimwambia amekutana na poti.

Poti ni gemu iliyohamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine. Wachezaji wa kompyuta wanapolitamka neno hilo wamekunja uso, wanaongelea gemu iliyofikiriwa kwanza kwa ajili ya konsoli, yaani PlayStation au Xbox, kisha ikasogezwa kwenye kompyuta pamoja na mazoea yake yote ya padi, kile kidude cha kuchezea kwa mikono miwili.

Mazoea gani? Ingia banda lolote la gemu Kaloleni utayaona. Benchi liko mbali na tivii, na mkononi una vitufe vichache na vijiti viwili vya kusukuma kwa dole gumba. Lazima maandishi yawe makubwa, na orodha ishuke mstari mmoja mmoja. Kwa gemu za mpira haina shida, mechi ikiisha unampisha mwenzako. Zinazoumia ni RPG, gemu za kuvaa uhusika, ambazo mchezaji anabeba mapanga, dawa, vitabu na ngozi za mbwa mwitu, na muda mwingi anashinda anapekua begi. Mtu wa kompyuta amekaa pua na kioo, ana mausi na kibodi nzima. Anataka begi lote alione kwa mpigo, alipange kwa uzito au kwa bei. Anachopewa ni orodha kama ubao wa bei wa mama ntilie.

RPG iitwayo Oblivion, ya 2006, ililalamikiwa sana kwa hilo. Skyrim ikatoka Novemba 2011, nayo yaleyale, na mausi kwenye mazungumzo, pale unapochagua jibu la kumpa mhusika, ikawa kama imelewa. Wachezaji wenyewe wakaunda SkyUI, nyongeza ya bure inayoleta safu za uzito na thamani, pamoja na mahali pa kutafutia kitu kwa jina. Ugonjwa wa dogo, ule wa majibu, una nyongeza yake nyingine, ndogo tu.

Dark Souls ndiyo kisa ninachokipenda zaidi. Ni RPG iliyoanzia konsoli, mashabiki wakaiomba kwa kukusanya saini, ikaja kwenye kompyuta Agosti 2012. Kumbe picha yake ilichorwa kwa nukta 1024 kwa 720, hata kioo chako kiwe kikubwa namna gani, na ilifungwa kwenye fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde. Unacheza kwa kibodi, inakuonyesha vitufe vya Xbox! Siku hiyohiyo jamaa anayejiita Durante akaachia DSfix, programu iliyoifungua ile picha ichorwe kwa ukubwa unaoutaka.

Hayo bado ni ya juujuu. Mengine yako kwenye msingi wa nyumba. Gemu ya Deus Ex ya mwaka 2000 ilizaliwa kwenye kompyuta, na maeneo yake ni mapana. Iliyofuata, Invisible War ya 2003, ilibidi iingie pia kwenye Xbox ya kwanza, yenye memori ya MB 64. Maeneo yakakatwakatwa, ukivuka mlango unasubiri ipakie. Hapo nunua kompyuta ya bei unayotaka, kuta hazisogei.

Sababu ni hesabu ya biashara. RPG kubwa inagharimu pesa nyingi na miaka ya kazi, kwa hiyo inauzwa kwa mashine zote, na anayeijenga anapima kwa ile iliyo dhaifu. Silaumu sana. Tena kuna machalii wa hapa mjini wanaoita kila gemu rahisi "ya konsoli", hayo ni majivuno tu. Dark Souls ilitoka konsoli na haimwonei mtu huruma.

Inawezekana pia kufanya vizuri. RPG ya Baldur's Gate 3, ya 2023, ina sura mbili za skrini: ya mausi imejaa vitufe na aikoni, ya padi ina magurudumu ya kuchagulia. Unachomeka padi katikati ya mchezo, skrini inajibadilisha yenyewe. Maana yake walikaa chini wakaichora mara mbili, na kazi hiyo ndiyo wengi wanaikwepa.

Yule dogo nilimwekea nyongeza zote mbili. Juzi nikapita kwao nimwulize kama mausi imepona. Nikamkuta kajilaza kwenye kochi la mama yake, laptopu imeunganishwa na tivii, padi ya kuazima mkononi. Nyongeza zote kashazitoa. Anasema yale maandishi makubwa yanasomeka vizuri.