Asali juu ya kidonda: ipi, lini, na kwa nani

Nyumba nyingi za Lamu hazikosi asali. Iko inayorinwa na Waboni msituni, iko ya mizinga ya Mpeketoni na Witu, na iko ya kwenye chupa za soda inayouzwa bila karatasi ya kueleza ilikotoka. Mtu akirukiwa na mafuta ya mahamri, au akijikata panga akikata mikoko, mkono huenda kwenye chupa ya asali kabla hajafikiria hospitali. Nasi tunaofunga vidonda hatuna ugomvi na asali. Tunachotaka kijulikane ni asali gani, kwa kidonda gani, na baada ya kufanya nini kwanza.

Nguvu yake inaelezeka. Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, na maji ni asilimia 17 hadi 20 tu. Ikikaa kwenye kidonda huvuta majimaji kutoka ndani ya nyama, na bakteria anayekutana nayo hunyonywa maji yake hata akashindwa kuzaana. Pia ina uchachu ambao bakteria wengi hawauwezi. Lakini kinachonistaajabisha mimi zaidi ni kimeng'enya ambacho nyuki hukitia anapoitengeneza. Asali ikiwa nzito ndani ya chupa, kimeng'enya hicho hakifanyi kazi. Ikichanganyika na majimaji ya kidonda huanza kutoa haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu, ila hutoka kidogo kidogo, kiasi cha kuua vijidudu bila kuunguza nyama changa inayoota. Moto huharibu kimeng'enya hicho. Basi asali iliyochemshwa ili ichujike upesi, hata ikiwa tamu vipi, imepungukiwa kama dawa ya kidonda.

Asali ya manuka kutoka New Zealand ina silaha ya ziada, kemikali iitwayo methilglioksali, na ndiyo inayotumika sana katika bandeji za asali za hospitali. Marekani iliruhusu bandeji za aina hiyo mwaka 2007.

Je, zinaponya kweli? Mwaka 2015 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulipitia majaribio 26 yaliyohusisha watu 3,011. Vidonda vya moto visivyokwenda chini sana vilipona kwa asali mapema kwa siku 4 hadi 5 kuliko kwa bandeji za kawaida. Vidonda vya upasuaji vilivyoingia usaha navyo vilifunga haraka kuliko vilivyosafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu na kufungwa shashi. Vidonda vya mguu vitokanavyo na mishipa ya damu kushindwa kazi havikupata nafuu ya maana. Kwa kidonda cha kisukari, ushahidi haukutosha kumshauri mtu aitegemee.

Sasa, asali ya majaribio na hospitali si ile ya sokoni. Asali ya msituni au ya mzingani imepita mikononi mwa watu, kwenye ndoo, kitambaa cha kuchujia na chupa iliyotumika. Inaweza kubeba mbegu za bakteria zilizolala, zikiwemo zile za bakteria atoaye botulini, sumu inayolegeza misuli, na kuchemsha kwa kawaida jikoni hakuziui. Ya hospitali husafishwa kwa miali ya gama, inayoua mbegu hizo bila kuharibu kimeng'enya. Kuidondosha mchangani au kuichovya kijiti cha kibiriti na kukiwasha hakukuambii kama ni safi kwa kidonda. Mkwaruzo mdogo wa juu juu pengine utapona hata na asali ya nyumbani, lakini kidonda kirefu au kilichochimbika usikitie.

La moto lina utaratibu wake, na hapa ndipo tunapoumia zaidi. Mtoto aliyemwagikiwa chai huletwa chumba cha kufungia vidonda mkono umepakwa asali, juu ya asali unga, juu ya unga dawa ya meno. Inabidi tuanze kuyaosha yote kwa maji ya chumvi, naye analia, ndipo tuone malengelenge yako wapi na ngozi imeungua kiasi gani. Kinachotakiwa kwanza ni maji safi ya baridi, ya mfereji au ya kumiminia kwa kopo, kwa dakika 20. Barafu usiweke. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, funika kwa kitambaa safi, mlete. Asali, ikihitajika, itakuja baadaye: tunaipaka kwenye shashi, tunaiweka juu ya kidonda, tunaongeza bandeji kavu, na siku za mwanzo tunabadilisha kila siku kwa sababu majimaji huwa mengi. Huwasha kidogo. Mwenye mzio wa nyuki au asali atuambie mapema.

Mwenye kisukari namwomba kwa dhati asijitibie mguu nyumbani. Ganzi humfanya asisikie maumivu, kwa hiyo kidonda kisichouma kwake si dalili ya kupona. Kikitoa harufu, kikiwa cheusi, au wekundu ukipanda mguuni, asisubiri kesho, hata kama yuko Faza au Kizingitini na boti ya jioni ndiyo ya mwisho. Aliyechomwa na msumari au kukatwa na panga naye ahitaji kuulizia chanjo ya pepopunda. Asali haikingi pepopunda.

Limebaki la watoto wachanga. Waislamu wengi hapa wanaijua aya ya 69 ya Suratu Nahl kuhusu asali na tiba, na kuna nyumba ambazo mtoto akizaliwa hupakwa asali kaakaani. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, si ya kulamba, si ya kikohozi, si ya ufizi. Utumbo wake bado hauwezi kuzizuia zile mbegu za botulini zisiote humo. Tahniki, yaani huko kumpaka mtoto kaakaani, iliyopokewa katika Sunna ni ya tende, kwa hiyo kuacha asali hakuvunji mila. Mtoto aliyeonja asali akikosa choo siku kadhaa, kilio kikafifia, akanyonya kwa shida au shingo ikalegea, mkimbizeni hospitali na mueleze alilamba lini.