Sello haitaki kukandamizwa

Anayeanza sello, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa, hapa Mombasa, hasa aliyekulia kwenye fidla za taarabu, huambiwa mapema: "Kandamiza upinde, sauti itatoka." Hutoka, naam, lakini kama meza inayoburutwa sakafuni.

Uzi wa sello hulia kwa kunaswa na kuachiwa. Singa za upinde, yaani nywele za mkia wa farasi zilizopakwa utomvu mkavu, huuvuta, unaponyoka, zinaunasa tena. Kwenye uzi mwembamba kabisa, ule wa noti ya A, ni kama mara 220 kwa sekunde. Ukikandamiza kupita kiasi, uzi hauponyoki kwa wakati wake. Ndipo unapokwaruza.

Kinachotakiwa ni uzito wa mkono, si nguvu za vidole. Shusha bega, legeza kiwiko, acha mkono mzima uulalie uzi, kisha vuta. Sauti haitoshi? Ongeza kasi ya upinde. Au sogea karibu na kidaraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, ila hapo vuta polepole na uzito uzidi kidogo.

Na kabla hujajilaumu, angalia singa zenyewe. Unyevu wa pwani huzirefusha, upinde ukalegea. Kaza skrubu ya upinde kiasi; ukimaliza kupiga, ilegeze.