Sili ya nyuma sio jina la kila oili inayodondoka

Wiki hii nimesikia tena mtu anasema Land Rover yake ya zamani "imekufa sili ya nyuma", kisa asubuhi kakuta doa la oili chini, usawa wa giaboksi. Hajafungua kitu, hajanusa, hajapapasa, ila jina la ugonjwa tayari analo. Naomba tuliweke sawa hili neno.

Sili ya nyuma ni ule mpira unaokumbatia mwisho wa krankishafti (ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni) upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kazi yake kuzuia oili ya injini isifuate shafti ikatoka nje kwenye klachi. Basi, ni hiyo tu.

Neno lenyewe tumelitoa kwa Waingereza, na wao wamelipata kwenye Kilatini, sigillum, yaani alama ndogo, ile chapa ya kugonga juu ya nta kwenye barua. Nta inatia alama na hapohapo inaziba, kwa hiyo neno moja likabeba kazi zote mbili. Sisi kazi ya alama tulishaipa neno la Kiajemi, muhuri, halafu kazi ya kuziba ikatufikia baadaye kupitia gereji, ikaitwa sili. Ndo maana ukikuta mtu katafsiri "muhuri wa mafuta" unajua hajawahi kushika spana, maana muhuri unagongwa ofisini, kwenye injini hatuna muhuri.

Linaloniumiza zaidi ni kuchanganya sili na gasketi. Gasketi inakaa katikati ya vyuma viwili ambavyo havisogei, mfano sampu (bakuli la oili la chini) na bloku (mwili wa injini), unafunga bolti imetulia. Sili inagusana na kitu kinachozunguka, kwa hiyo inasuguliwa kila injini inapowaka na shafti ikichimbika pale mdomo wa sili unapogusa hata uweke sili mpya itavuja tu. Halafu kuna injini ambazo sili ya nyuma hazina kabisa! Morris Minor ina mfereji umechongwa kwenye kranki kama nyuzi za skrubu, injini ikizunguka ule mfereji unairudisha oili ndani. Mwenye Morris akiambiwa anunue sili ya nyuma ya kiwandani anatumwa kutafuta kitu ambacho gari lake halikuzaliwa nacho.

Kwenye Land Rover Series, zile za zamani, yenye injini ya lita 2.25 ambayo kranki yake inashikwa na beringi tatu, sili ipo, lakini imekatwa ili ipite kwenye shafti, ina kaspringi kembamba kanakounganishwa kwa ndoano, na inashikwa na vipande viwili vya aluminiamu. Pembeni ya kepu (kifuniko) ya beringi ya nyuma kuna vipande vingine viwili vya kuzibia vyenye umbo la T, navyo vikichoka oili inatokea palepale, na hiyo sio sili ya nyuma. Kuifikia sehemu hiyo unashusha giaboksi, klachi, flaiwili na hausingi (kasha) yake, sasa fikiria umefanya yote hayo kumbe oili ilikuwa inatoka gasketi ya kava ya juu ya injini, inateremka nyuma ya bloku na upepo wa feni unaisukuma.

Chini ya hausingi ya flaiwili kuna katundu, plagi yake inafungwa ukivuka mto, siku nyingine kanaachwa wazi ili oili idondoke isilowanishe klachi. Weka kidole hapo unuse. Ikinuka kiberiti ile nzito, hiyo ni oili ya giaboksi, injini yako haina kosa. Ikiwa ni ya injini, safisha kwanza nyuma ya bloku yote ikauke, endesha kidogo, halafu tazama inaanzia juu au chini. Na kabla ya hapo fungua kile kifuniko cha kujazia oili chenye wavu, kioshe kwa petroli, kwa sababu injini ikikosa pa kupumulia presha inasukuma oili nje hata kwenye sili nzima.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukikuta doa asubuhi mwambie fundi "oili inatokea nyuma". Hiyo ndo unayoijua kwa wakati huo, jina la sili litakuja giaboksi ikishashuka.