Kuomba kumbukumbu za serikali si kazi ya waandishi wa habari pekee

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, katikati ya magunia ya dagaa, nimesikia mara nyingi: serikali ikiagiza video ya mauaji ifutwe mtandaoni, barua ya agizo hilo ni siri, na labda mwandishi wa habari ndiye anayeweza kuiulizia. Sivyo.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa mamlaka za umma, ikiwemo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inayosimamia maudhui ya mtandaoni. Unaandika ombi, asiyejua kuandika anaeleza kwa mdomo, ofisa anamwandikia. Jibu linatakiwa ndani ya siku 30.

Wanaweza kukunyima, ndiyo: usalama wa taifa, upelelezi unaoendelea, faragha ya mtu. Hilo la faragha nalitetea kwa moyo wote, maana mama wa marehemu hastahili kuiona picha ile ikizunguka tena. Lakini idadi ya maagizo yaliyotolewa, au kifungu cha sheria kilichotumika, havimvunjii marehemu heshima. Ukinyimwa hayo, mwombe mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi huo.