Je, wajua kwa nini "monsoon" na "msimu" ni ndugu?

Jioni moja, barazani kwetu hapa Malindi, mpwa wangu wa kidato cha nne alikuwa akikariri Kiingereza kigumu. Daftari kalipiga mstari katikati: kushoto neno, kulia maana. Mahali fulani ameandika "monsoon", na mkabala wake, "upepo wa msimu". Ndugu wawili wamekaa bega kwa bega, naye hana habari.

Yote mawili ni mtoto wa "mawsim", neno la Kiarabu la wakati maalumu wa mwaka. Sisi tulilipata kwa mabaharia wa Uarabuni waliokuja na kaskazi wakarudi na kusi. Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha hapa Malindi mwaka 1498 akapata rubani wa kumvusha hadi Calicut, India, walilitamka "monção". Kwao ndiko lilikoanzia safari ya kufika Uingereza. Kumbe neno lililomtoa kijana jasho ni lile lile analotaja kila akiuliza kama msimu wa maembe umefika!

Sifuri nayo, kwa Kiarabu "sifr", kitu kitupu, huko Ulaya ilizaa "zero", ikazaa na "cipher", maandishi ya siri. Ukishajua hilo, "decipher", kufumbua maandishi hayo, hulikariri tena. Sharubati ina jamaa zake: "sherbet" na "syrup". Ila wako ndugu waliopotezana. Taarifa na "tariff" asili yao moja, kujulisha, lakini huyu wa pili aliishia forodhani, kwenye orodha ya ushuru. Sema umesikiliza "tariff" ya saa moja usiku uone utakavyochekwa.

Nakiri, jamaa hawa wa Kiarabu ni wachache. Maneno mazito ya Kiingereza mengi ni ya Kilatini, na mengi yalipitia Kifaransa baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066. Hata hivyo dawa ni ile ile: shika shina. Nani kati yetu aliwahi kukariri mwandishi, maandishi, mwandiko na andikiana moja moja? Tunajua "andika", basi. Kilatini nacho kina "scribere", kuandika, na humo mnatoka "describe", "inscription", "manuscript", "transcribe".

Mpwa wangu ameuacha ule mstari wa katikati, sasa anachora miti. Jana tawi la tano la "scribere" alikuwa ameliandika kwa penseli, na alama ya kuuliza pembeni: "scribble"? Nikamwambia naam, hata kuchorachora ni wa ukoo huo.