Eti majibu yakitoka chanya ndo dawa imekataliwa?

Juzi nipo Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, dada mmoja ananiparia sato, simu inaita, shangazi. Anasafishwa figo na anachomwa ile sindano ya kuongeza damu, eritropoyetini, sasa amesikia huko foleni kwamba kuna kipimo cha kuona kama mwili unatengeneza kingamwili za kuipinga dawa, na ukitoka chanya ndo basi tena.

Hapana shangazi. Kipimo cha kwanza ni mchujo tu, na kinategwa makusudi kiokote hadi wasio nazo, kama 5% hivi, mwongozo wa 2019 wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ndo unavyotaka, bora uokote wa ziada kuliko kumwacha mwenye nazo. Halafu sampuli ileile inachanganywa na dawa yenyewe, rangi ya kipimo ikififia sana ujue kweli zilikuwa zinaifuata dawa, hapo wanaookotwa kimakosa inatakiwa wawe 1% tu. Na bado utapima ziko nyingi kiasi gani na kama zinaizima dawa au zipo zipo tu.

Ila mimi kinachoniudhi ni watu kushangilia hasi. Kingamwili ina mikono miwili, na vipimo vingi vya aina hii vinahitaji mikono yote iwe mitupu, sasa ukitoa damu juzi tu umechomwa sindano, dawa bado imejaa mwilini, kingamwili zimeshaing'ang'ania na kipimo hakioni kitu! Ndo maana damu inachukuliwa kabla ya dozi inayofuata, na maabara nyingine zinaweka asidi kwanza ziachiane.

Wengine wanasema kimeshahakikiwa Ulaya, inatosha. Huo mstari wa chanya na hasi unatokana na damu ya watu ambao hawajawahi kutumia dawa, kawaida angalau 50, na damu ya huko siyo ya huku ziwani ambako kichocho na malaria vinauweka mwili kwenye mapambano muda wote. Lazima ujaribu na damu za kwenu, tena za wenye ugonjwa uleule.

Na ile "dawa inafanana na ya mwili, haikataliwi"? Miaka ya 1998 mpaka 2003 hivi, hasa Ulaya, kuna wagonjwa wa figo walipata kingamwili za eritropoyetini zikazima hadi ile ya mwili wenyewe, uboho ukaacha kutengeneza chembe nyekundu, wakabaki wa kuongezewa damu. Wachache, lakini ilitokea.

Shangazi kimyaaa, halafu "sasa mimi je?" Nikamwambia damu isipopanda mara nyingi ni madini ya chuma yamepungua au kuna maambukizi, amuulize daktari aanzie hapo. Nageuka, sato kashaparwa, na kichwa nilichosema kiachwe kimekatwa.